Saa Kumi na Tano Nilizomsomea Baba Mdogo

Jumanne. Upepo haujatulia tangu asubuhi, na turubai la msiba linapigapiga huko nje. Nimejifungia chumbani. Sina uso wa kuonana na watu.

Baba alifariki Jumamosi alfajiri, hapa hapa nyumbani Nzuguni. Baba mdogo alipofika kutoka Kondoa alitaka tuzike siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Lakini dada Zuhura anaishi Kanada, na ndiye aliyekuwa kipenzi cha baba. Baba mdogo akaniita pembeni.

"Wewe ndiye msomi. Kwa dada yako ni mwendo wa saa ngapi?"

Nikaandika kwenye simu: Toronto hadi Dodoma. Zikaja kilomita elfu kumi na mbili na ushei, saa kumi na tano angani. Nikamsomea vile vile, kwa kujiamini kabisa. Akahesabu kwa vidole, akasema basi, tutamsubiri mpaka Jumapili Alasiri, zaidi ya hapo hapana.

Hakuna ndege inayotoka Toronto ikaja Dodoma moja kwa moja.

Nalijua hilo. Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Zile zilikuwa saa za mstari ulionyooka kwenye ramani. Hazikuwa na kutafuta tiketi, wala kushinda Addis ukingoja ndege nyingine, wala kufika Dar na kuanza upya safari ya huku.

Kinachonitafuna ni hiki. Jumamosi shangazi aliniambia nimpigie dada kwa video amwone baba kabla hajavishwa sanda. Dada akakataa. "Si umesema nitawahi? Nitamwona mwenyewe." Jumapili, jeneza likitolewa, nilimpigia mara nne. Alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa. Ujumbe wa kwamba tumeshazika niliuandika mimi.

Kafika jana jioni. Ameamini kuwa baba mdogo ndiye aliyeharakisha, na amempita mlangoni bila shikamoo. Dada yangu huyu, anayemwamkia hata mzee asiyemjua barabarani! Baba mdogo alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Hakunitaja. Leo asubuhi ikawa vile vile, na mimi nimekaa kimya kama sihusiki.

Naona aibu kuliandika hili. Nililia kaburini Jumapili na watu wakanishika mabega, lakini sehemu ya kile kilio ilikuwa woga.

Kesho baba mdogo anarudi Kondoa na basi la asubuhi. Nilijiambia nitasema baada ya chai, kisha baada ya Adhuhuri. Sasa ni saa kumi, na namwona dirishani amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, anaangalia mlango ambao dada ataupitia.

Natoka. Maandishi haya siyaweki mtandaoni mpaka niwe nimemwambia dada.