Ripoti ya Mhakiki wa Pili

Chumba Namba Tisa,
Idara ya Mawasiliano.
Alhamisi, mchana.

Mpendwa Dada,

Naanza kwa kukujulia hali, wewe na Mama. Natumaini uvimbe wa miguu yake umepungua, na kwamba bado anakugombeza ukichelewa kumpa dawa, maana siku Mama akinyamaza ndiyo siku ya kuingiwa na wasiwasi. Mimi ni mzima wa mwili. Kile kikohozi cha vumbi la chaki kimeniacha, sijui ni kwa dawa au ni kwa sababu chaki zenyewe zimekwisha. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili kusomwa barua ya kurasa mbili, na kila nikiketi kuijibu najikuta nachonga penseli, au nasahihisha insha za wanafunzi ambazo hata wenyewe hawazingojei. Nisamehe kwa kuchelewa.

Umeniomba habari za idara. Haya, kaa vizuri nikupe. Tumepona, kama kupona ndiko huku. Kamati ya kubana matumizi imeamua tusifutwe mwaka huu, ila tuunganishwe na watu wa maktaba. Mkuu wa idara alitutangazia jambo hilo kwa furaha ya mtu anayetangaza harusi ya mwanawe, kisha akashusha sauti na kuongeza kwamba nafasi yako haitajazwa, simu ya korido itakatwa, na kila mtu aje na kikombe chake na majani yake ya chai. Birika tumelikabidhi stoo, na wamelipokea kwa kusaini. Karani wetu alinusa upepo mapema akaficha vijiko viwili kwenye faili la mitihani ya zamani. Anasema kamati ikivitaka, ije ivitafute.

Orodha bado imetundikwa kwenye ubao wa matangazo: majina yetu, na mbele ya kila jina idadi ya makala zilizochapishwa kwa miaka mitatu. Jina lako limepigwa mstari, kwa rula. Wenzetu wamepata somo na sasa wanaandika kama wamewashiwa moto. Yule Mtaalamu wa Redio ameuchukua utafiti wake mmoja akaukata vipande vitatu. Makala ya kwanza inasema watu husikiliza redio asubuhi, ya pili inasema husikiliza jioni, na ya tatu inalinganisha mbili za kwanza. Karani ndiye aliyezichapa zote, na ameniambia kwamba ya nne anaweza kuiandika yeye mwenyewe, ihusu mchana. Nilicheka, halafu nikageuka ili nione kama na wewe umecheka. Bado nafanya hivyo.

Hapa chumbani nimebaki peke yangu. Meza yako waliichukua Jumatatu iliyofuata baada ya wewe kuondoka, na sasa nina nafasi ya kunyoosha miguu nisiyoihitaji. Miaka sita, tangu uliponiita mdogo wako ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, tumezoea kusemeshana tukiwa tumepeana visogo, wewe na karatasi zako na mimi na zangu. Mpaka leo nikikutana na sentensi ya mwanafunzi iliyokimbia ukurasa mzima bila kupumzika, naisoma kwa sauti, nikingoja uniite Nukta na kuniambia niache kumwonea mtoto wa watu. Juzi mwanafunzi mmoja alibisha hodi, akachungulia, akaniuliza kama nina mgeni aje baadaye. Nikamwambia aingie tu. Chakula cha mchana nakula nikiwa nimeurudisha mlango. Hakuna aliyenitenga, Dada, ila hakuna ninayetaka kukaa naye, na sababu yake utaiona mbele. Nina upweke ambao sikuwahi kuudhania.

Nirudi kwenye barua yako. Uliandika kwamba hukuondoka na kinyongo. Orodha ilitaka makala mbili, wewe ulikuwa na moja, na ile ya pili ilikataliwa na jarida wiki chache kabla ya hesabu kufungwa, basi. Mpaka hapo niliweza kusoma. Kisha ukasema kwamba umefikiri sana, na unaona huenda yule mhakiki wa pili alikuwa na haki, kwamba labda kweli huna jicho la kazi hii na ulijidanganya miaka yote. Ukasema umeacha kuandika. Ukasema mwisho wa mwezi huu yale madaftari yako kumi na moja ya utafiti utawagawia wapwa zako wafanyie hesabu za shule kwenye kurasa zilizobaki. Uliliandika hilo kwa utani. Mimi niliiweka barua chini nikatoka nje, nikazunguka jengo zima mara mbili.

Sasa nikusimulie kilichotokea wiki iliyopita. Semina yetu ya Jumatano bado ipo, ingawa taa ya projekta imekufa na hakuna wa kuinunua nyingine. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kusoma kazi mpya, na kazi mpya sina. Tangu uondoke sijaandika ukurasa hata mmoja. Nikafungua droo nikatoa nakala ya makala yako iliyokataliwa, ile ya watu wanaohudumiwa madirishani mwa ofisi, nikaenda nayo. Niliwaambia ni kazi ya mwenzetu asiyekuwepo. Waliohudhuria walikuwa karani, Mtaalamu wa Redio ambaye alitoka katikati kupokea simu na asirudi, na mlinzi wa jengo, aliyekuja kufunga madirisha akaona aibu kukatiza, akasimama pale pale mkono ukiwa kwenye komeo.

Nilisoma yote, Dada. Nilisoma pale unapoeleza kwamba kioo cha ofisi hutobolewa chini, kwa hiyo hata aliyekuja kugomba hulazimika kuinama, na mtu aliyeinama hawezi kugomba akasikika. Nilisoma habari za makarani wanaotafuta mhuri mezani bila kuinua macho, na mhuri wenyewe upo mkononi mwao, kwa kuwa jibu walilonalo ni baya. Nilisoma kuhusu kalamu iliyofungwa kwa uzi, na jinsi aliye ndani anavyoijua hasira ya aliye nje kwa namna uzi unavyovutwa, kabla hata hajasikia neno lake.

Nilipomaliza karani aliguna tu, kwa namna yake anapokuwa ameguswa. Mlinzi ndiye aliyesema. Alieleza kwamba kabla ya kuja kulinda hapa alikaa miaka tisa nyuma ya kioo, akipokea kadi za wagonjwa, na kwamba habari ya ule uzi hajawahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe, kwa sababu hakudhani ni jambo. Akasema aliyeandika maneno yale amekaa kwenye benchi mpaka makalio yakamuuma, maana hayo huambiwi, ni mpaka uyaone. Akaniomba nimpe mwandishi salamu zake. Kisha akafunga madirisha yake akaenda zake, na mimi nikabaki na karatasi mkononi nisijue pa kuziweka.

Dada, mhakiki wa pili ni mimi.

Nimeliandika kwa mstari wake peke yake ili nisipate pa kulifichia. Utaratibu unaujua kuliko mimi: mhariri wa jarida huondoa jina la mwandishi, huituma makala kwa wahakiki wawili, na hakuna kati yao anayetakiwa kujua anamhukumu nani. Ilinifikia bila jina, kama inavyotakiwa. Kufika ukurasa wa tatu nikakutana na ule uzi, nikajua. Ningeachaje kujua? Asubuhi mbili nilikaa nawe kwenye benchi la ofisi ya maji, mimi ndiye niliyekushikia kinasa sauti, na nilikuwepo uzi ulipokatika na yule mzee akabaki na kalamu asijue aipeleke wapi. Kanuni inasema ukimtambua mwandishi, rudisha makala siku ileile. Sikuirudisha.

Nilijiambia kwamba nitaisoma kama ya mtu baki, kwamba hakuna atakayesema Nukta kampendelea dada yake. Nikajivunia uadilifu huo peke yangu, mlango ukiwa wazi, wewe ukiwa umeketi nyuma yangu unamenya chungwa. Basi kila moyo uliposifu, kalamu ilitafuta kosa. Nilidai takwimu mahali ambapo hazihitajiki. Nilisema lugha ni ya kisimulizi mno, mimi ambaye niliisoma kwa pumzi moja. Na mwisho nikaandika sentensi ile uliyoikariri, kwamba mwandishi haonyeshi popote kuwa aliwahi kukaa na watu anaowaandika. Ni mimi niliyeiandika hiyo, niliyekaa nawe.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kuliruka, na ndiyo maana siliruki. Mwezi ule tulikuwa tumekwisha kunong'onezwa kwamba katika chumba namba tisa atabaki mmoja. Sikulifikiria hilo nilipokuwa naandika ripoti. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini habari nilikuwa nayo, na mkono uliokuwa unaandika ulikuwa wa mtu anayetaka kubaki. Nimejihoji kwa kila namna, na sijui iliyoandika ni haki au ni hofu. Sitakudanganya kwamba najua.

Ripoti ilipokufikia uliisoma kwa sauti humu humu chumbani. Tukamcheka mhakiki wa pili, ukampa jina la Bwana Panga, nami nikaigiza anavyotembea na miwani puani. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Siku ya kuondoka kwako nilikubebea maboksi matatu hadi chini, na ukanishukuru, ukaniambia kwamba bila mimi miaka ile isingepitika. Maneno yako hayo yananitafuna mpaka leo.

Ijumaa nilimwandikia mhariri nikamweleza yote. Amenijibu kwa adabu kwamba faili limefungwa, kwamba wewe una ruhusa ya kuituma upya ikasomwe na watu wengine, na kwamba jina la mhakiki halitolewi kwa yeyote, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Kanuni inanilinda, unaona. Ningekaa kimya usingejua mpaka unaingia kaburini. Jumanne nikaenda kwa mkuu wa idara nikiwa na barua ya kujiuzulu mfukoni. Akaniuliza nina shida gani. Nikamwomba pini za stepla, akanipa. Barua hiyo bado sijaitoa. Nakuambia hili ili usinione shujaa kwa sababu ya haya mengine.

Nilichofanya ni hiki. Nimeichukua makala yako nikaisoma upya kwa siku mbili, kama nilivyotakiwa kuisoma mwanzo, nikaandika ripoti nyingine. Sikukupaka mafuta. Sehemu ya tatu ni ndefu, na jedwali la ukurasa wa kumi na tisa linachanganya, lipange upya. Hayo ndiyo makosa yake, hakuna jingine. Mengine yote nimesema ninavyoyaona, na ninavyoyaona ni kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sijasoma kitu kilichoandikwa kwa jicho kali kuliko hiki. Ripoti hiyo haina nguvu yoyote sasa. Mhariri hawezi kuipokea kutoka kwangu, na orodha imekwisha kupelekwa juu. Haitakurudishia nafasi yako. Ila ni yako, ulistahili kuipata mwezi wa tatu.

Madaftari ni mali yako, Dada. Ukitaka kuwapa watoto, wape. Ninachokuomba ni kimoja tu, usiwape kwa sababu ya maneno ya mtu aliyejua kwamba si kweli wakati anayaandika.

Nisalimie Mama kwa heshima zote. Ukimsomea barua hii, kama ulivyozoea kumsomea za kwangu, msomee yote, usiruke pale pabaya. Wasalimie wapwa na majirani wanaonikumbuka. Karani anakusalimu, na mlinzi nimekwisha kukufikishia salamu zake. Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa kuwa ukinipa haraka utakuwa umenipa kwa mazoea ya wema wako, na ukininyima utakuwa na haki. Ukikaa kimya nitaelewa.

Ni mimi niliyekuwa mdogo wako, na ambaye angependa kubaki,

Nukta.

Kiambatisho: Ripoti ya uhakiki, kurasa sita. Jina la mhakiki limeandikwa kwa ukamilifu.