Kichwa Chako Kilichoko Uholanzi

Mama yangu,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali, kisha mwandishi anasema yeye ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali. Hali yako siulizi. Tulikuzika kule kijijini Janga mwaka juzi, kando ya baba, na masika yameshausawazisha udongo. Mimi ni mzima. Nakuandikia kuhusu kile kichwa chako cha pili, na nakuandikia hadharani kwa sababu wapo watu wanaongoja jibu langu. Nataka walisikie nikiwa naongea na wewe.

Nyumbani kilikuwa mzaha. Ukisahau ulikoweka kisu, ukiunguza maharage, ukimwita ndugu yangu Shabani kwa jina langu, ulikuwa unasema, "Nisameheni, kichwa chenye akili kiko Ulaya." Tulicheka bila kuuliza. Nilipokuwa mkubwa kidogo ndipo ukanieleza, tukichambua mchicha barazani, na ulieleza kwa kifupi kama mtu anayesimulia alivyopoteza kandambili. Ulipokuwa msichana Kisarawe, kabla hujaolewa na kuletwa Kibaha, alikuja mama mmoja Mfaransa, mchonga sanamu. Alikuwa amefuata udongo mweupe wa milima ya Pugu. Alipanga nyumba jirani na kwa babu, mkawa mnamuuzia mayai, na siku moja akaomba ukae kwenye kiti atengeneze kichwa chako kwa ule udongo. Babu alikubali kwa shingo upande. Kazi ilipokwisha, yule mama alikifungasha kichwa kwenye sanduku la mbao akaondoka nacho, na baadaye mkasikia kwamba huko kwao kimemiminwa shaba.

Sikuwa nayaamini sana. Ulikuwa na tabia ya kuongeza chumvi, hata kwenye habari za kuku.

Mwaka huu nikaenda Uholanzi kwa kozi fupi ya mbegu za mboga. Jumamosi moja wenyeji wetu wakatupeleka kwenye makumbusho ya sanaa, kwa kuona kwamba tumechoka na vitalu. Kazi yangu unaijua. Nimezoea kutazama trei ya miche, kutenga iliyoota na iliyooza, na kuendelea na trei nyingine bila kuonea huruma chochote. Ndivyo nilivyoingia mle ndani.

Palikuwa na maonyesho ya msanii mmoja Mfaransa aliyekwisha kufariki. Kazi zake zimetawanyika katika makumbusho mbalimbali ya nchi ile, na safari hii zilikuwa zimekusanywa chini ya paa moja. Farasi asiye na mkia. Mikono ya mzee, mikono tu. Mwanamke aliyeinama anafunga kiatu. Ukutani kila kazi ilikuwa na kikaratasi chenye jina lake na makumbusho yaliyoitoa. Nilikuwa napita haraka, miguu ikiniuma, nikiwaza chai, nikaona neno Kisarawe.

"Msichana Aliyelala, Kisarawe." Chini yake wameandika kwamba kimeazimwa kutoka makumbusho ya mji mwingine. Wewe ambaye hata kinu ulikuwa huazimishi bila kununa, kichwa chako kimeazimwa.

Sikulia. Nilitazama sikio kwanza. Sikio lako la kushoto nalijua kuliko ninavyoujua uso wako, maana ndilo lililokuwa mbele yangu muda wote niliobebwa mgongoni. Ndewe yake ilikuwa imechanika, na ni mimi niliyeichana. Nilivuta hereni mpaka ikatoka na nyama. "Huyu alianza kunidai dhahabu hajaota hata meno," ulikuwa unawaambia wageni, na wageni walinitazama kama mwizi. Sasa lile sikio la shaba lilikuwa zima. Nikajisemea kwamba siye, ni msichana mwingine wa Kisarawe, nikaondoka zangu.

Nilikuwa nimeshafika kwenye farasi ndipo nikauona ujinga wangu. Wakati ule nilikuwa sijazaliwa.

Nikarudi. Paji lilikuwa lako, mdomo ulikuwa wako, umeukunja kidogo upande mmoja. Uchungu ulinishika hapo, na haukuwa ule wa msiba niliouzoea. Niliumia kwamba kuna wewe ambaye hanijui. Msichana yule hajanibeba, hajanigombeza, hajanikatia kipande cha nazi nikae kimya. Macho ameyafumba na hana habari kwamba nitakuja.

Nilinyoosha kidole nilishike lile sikio. Mlinzi, mama mnene mwenye miwani, akaniambia kwa upole kwamba hairuhusiwi kugusa. Nikamwambia huyu ni mama yangu. Akanitazama mimi, akaitazama shaba, akaenda kumwita mkubwa wake. Akaja mwanamke msimamizi wa yale maonyesho, mtu muungwana kwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wangependa kuandika jina lako ukutani, usiendelee kuwa msichana tu. Alishika kalamu. Jina lako lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwambia nitawaandikia, niulize nyumbani kwanza.

Niliporudi, Shabani hakutaka hata nimalize kueleza. Nilimkuta dukani kwake Maili Moja, anamuuzia mtu vipuri vya pikipiki.

"Andika, dada. Jina lake, la baba yake, na la babu yake. Wamemtazama miaka yote hiyo hawajui hata wanamtazama nani."

Nusu yangu ilikuwa upande wake. Nusu nyingine ikapanda bodaboda kwenda Maneromango kwa mama mdogo, maana ndugu yako uliyelelewa naye sasa amebaki yeye tu. Barabara ni ile ile uliyokuwa ukiilaani. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ulaya wamekunenepesha."

Nikampa simu yenye picha ya kichwa. Alikifuta kioo kwa upindo wa kanga, akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akikunja mdomo akifanya jambo la kuwaridhisha watu."

"Wameandika amelala."

"Nani alale? Dada alale kwenye kiti cha mgeni, mchana kweupe? Alifumba kusudi, mimi nilikuwapo. Alikuwa ametoka kusikia chuoni, kwenye darasa la Kurani, kwamba mwenye kutengeneza sura ya kiumbe, Siku ya Kiyama ataambiwa aitie roho. Akaogopa. Na yule mama mgeni alikuwa anampenda, dada hakutaka kumvunja moyo. Basi akamwambia, fanya, lakini macho yangu usiyachukue. Kila akikaa pale anafumba. Yule mama anamwambia fungua, yeye anafumba. Mpaka yule mama akakubali mwenyewe."

Nikamuuliza kama yule Mfaransa aliwahi kukutaka jina.

"Si alilitaka? Anajua kuita 'binti, binti' tu, akataka jina ili aliandike pale shingoni. Dada yangu huyo, yaani mama yako, akamjibu, kichwa nimekupa, jina langu nabaki nalo. Nitaolewa nalo."

Alicheka peke yake, akachukua muhogo mwingine. Nilimuuliza sasa nifanyeje. Akasema hayo ni ya kwangu, mimi ndiye niliyekwenda kuangalia.

Nimeyawaza, mama, njiani na hapa nilipo. Picha yako niliyo nayo ni ile ya kitambulisho tu, macho umeyakodoa kama mtu aliyepigiwa honi nyuma ya kisogo. Pale hukuulizwa unapenda nini, uliambiwa tazama hapa ukatazama. Yule Mfaransa alikuuliza, na ulimjibu ukiwa msichana ambaye hata chumba chake mwenyewe hana. Mambo uliyowahi kuulizwa maishani mwako hayakuwa mengi. Mimi mwenyewe sikumbuki kukuuliza mengi.

Na niseme ukweli: jina lako ningependa liwepo pale. Ningependa kulisoma ukutani katika nchi ya watu, nipige picha, niwaonyeshe wakulima wangu wa Mlandizi. Lakini hamu hiyo ni yangu na ya Shabani. Nimemwambia hivyo, amenuna mpaka leo, na namwelewa.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu kwa yule mama wa makumbusho, ambaye naamini atapata mtu wa kumsomea. Lifuteni neno "aliyelala". Hakulala. Alifumba macho kwa hiari yake, na alikuwa anasikia kila kilichosemwa. Mkishakirudisha kichwa kule mlikokiazima, waambieni na wao wafute. Kuhusu jina, msiniulize tena. Aliulizwa mwenyewe, akajibu.

Na wewe utaona kwamba barua nzima nimekuita mama. Kukuita hivyo ni haki yangu. Lile jingine uliolewa nalo, na Janga tumekuzika nalo. Pumzika huku. Na kule kwingine, wakikukazia macho, usiwafungulie.

Ni mimi mwanao,
niliyekuchana sikio.