Kasri la Upepo Juu ya Maji ya Tudor

Tudor, Mombasa
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Goti linasemaje na baridi ya asubuhi? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anatuchezea shere? Sisi huku tu wazima, ila joto ndilo linalotuonea. Dukani Biashara Street nasimama kutwa nikikunjua leso na kuzikunja tena, maana wateja wa huku hawachukui leso kabla hawajaziona zote. Baba Wakesho bado yuko kwenye bohari la majani ya chai kule Mbaraki, na akirudi jioni shati lake linanukia chai nyumba nzima. Riziki inapatikana, tunamshukuru Mungu.

Najua umenuna, Mama. Jumapili ile Wakesho aliponipokonya simu na kukupigia kelele, "Bibi, nimeruka juu ya maji mpaka nikagusa mawingu!" nilikusikia ulivyonyamaza. Kisha akaja mdogo wangu Mwakio, akasema umetoka nje. Tangu hapo kila nikipiga napokewa na Mwakio, na wewe uko shambani. Mvua ikinyesha uko shambani, giza likiingia uko shambani. Shamba gani hilo, Mama?

Ningekutumia picha ujionee mwenyewe, lakini sina hata moja, na sababu utaisikia. Kwa hiyo nimeandika. Mwakio akusomee, nawe ukae mpaka mwisho. Mwakio, usiruke mahali.

Likizo hii wameleta mchezo wa ajabu hapa kwenye mkono wa bahari, karibu na nyumba tunayokaa. Ni uwanja mzima uliojazwa upepo, unaelea majini, watu wanapanda, wanateleza, wanaanguka kwa kupenda. Mimi nilikuwa nauona kwa mbali nikitoka kazini, nikaharakisha kupita. Unanijua mimi na maji. Miaka yote niliyokaa kisiwani sijapata kulowesha hata kifundo cha mguu. Nikivuka feri kwenda Likoni nasimama katikati kabisa, macho kwenye viatu vyangu.

Aliyetupeleka ni Bi Rukia, jirani wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Mji wa Kale, ndiye anayenishikia Wakesho nikiwa dukani. Siku hiyo aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

"Mama Wakesho, kesho twenda kuteza."

"Kucheza nini, Bi Rukia?"

"Majini. Ni siku ya wanawake na watoto, hapana mwanamume hata mmoja. Na mwana yuwaja, na wewe waja."

Nikasema hapana. Wakesho akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Bi Rukia hakubishana nami. Alivuta kibao akakaa, akaniangalia, halafu akauliza polepole, "Ni nani alokufa?"

Nikamweleza, Mama. Nilimweleza lambo letu, na masika yale, na dada yangu Wakesho aliyeteleza akichota maji. Nilimweleza jinsi ulivyosimama ukingoni ukiita jina lake mpaka sauti ikakauka, nami mdogo nimeshika pindo la leso yako. Watu walikuwa wakikuita Mama Wakesho, na baada ya siku ile wakaanza kukuita Mama Shali, kwa jina langu, kwa kukuonea huruma. Nikamwambia ni wewe uliyetaka mwanangu apewe jina la dada yangu, nami nikampa kwa moyo mmoja, lakini hujapata kulitamka. Kwako ni "mtoto" au "huyo mdogo." Sikusema hivyo kwa kukushtaki. Yalitoka tu.

Bi Rukia alisogeza kibao karibu nami. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Lakini mwana akulie kisiwani asiyajue maji? Hilo ndilo la kuogopa. Mimi nitakuwa naye."

Basi tukaenda. Langoni walichukua simu zetu zote wakazitia kwenye mifuko, ili asipigwe mtu picha akiwa amejiachia. Ndiyo sababu sina cha kukuonyesha ila maneno.

Mama, sijui nianzie wapi. Kulikuwa na kasri la manjano na buluu, refu kuliko kanisa letu, na ndani yake hamna tofali wala ubao, ni upepo mtupu. Lina minara, lina madaraja, lina mtelezo unaowamwaga watu baharini. Limefungwa kwa kamba kila upande, na mtu akilikanyaga lote linainuka na kushuka, utadhani linapumua. Nilibaki mdomo wazi. Maji niliyoyaogopa maisha yangu yote yalikuwa yamebeba kasri na watu wake wote, wala hayakuonekana kuchoka.

Na hao watu! Wateja wangu wa dukani, wale ninaowajua kwa macho na kwa mikono ya hina tu, walikuwa wametundika mabuibui yao kwenye kamba, wamebaki na suruali ndefu na mashati na vilemba vilivyokazwa, wanakimbia na kuanguka na kupiga vigelegele. Bibi mmoja mzee alikaa juu ya mtelezo, akasema Bismillahi kwa utaratibu wote, kisha akashuka akipiga mayowe mpaka chini. Alipotoka majini akaenda kupanga foleni tena.

Upande mmoja kulikuwa na mto mkubwa wa upepo, kama ule wa kulalia. Mmoja anakaa mwisho wake, mwingine anaurukia kutoka juu, na yule aliyekaa anarushwa hewani. Aliyekaa alikuwa mke wa mwanawe Bi Rukia, mwembamba kama ufito. Bi Rukia, na mwili wake ule, akaruka. Msichana alipaa, Mama, alipaa kweli kweli, akaanguka mbali huku anacheka.

"Leo nimelipiza ile chai yake ya baridi!" akapaza sauti Bi Rukia, na wote tukavunjika mbavu.

Wakesho alivishwa jaketi la kuelea. Msichana mwokoaji, mwenye filimbi shingoni, alivuta kila mkanda kuhakikisha umekaza, kisha akavuta tena kwa kuniona uso wangu. Mimi nilikaa ukingoni kwenye mbao. Nilimwona mwanangu akipanda kasri, akinipungia mkono kutoka mnarani, kisha akapita nyuma ya mnara. Sikumwona tena.

Ndipo filimbi ikalia, kwa nguvu, mara ya kwanza na ya pili. Wanawake wakakusanyika upande ule ule.

Nikasimama. Nikaita, "Wakesho!"

Mama, sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Ilikuwa yako. Niliitambua. Nikaita tena, na maji yakanyamaza vile vile yalivyonyamaza kwetu. Nikatazama mkono wangu, nikaona nimeshika pindo la leso. Nikaita mara nyingine, na hapo sikuwa najua namwita Wakesho yupi.

"Abeee, mama!"

Ilitoka nyuma ya kasri, sauti ya mtoto aliyekatizwa mchezo, lakini yenye adabu alizofunzwa na Bi Rukia. Kichwa kikachomoza kando ya mnara, kimelowa, kina kasoro ya meno mawili ya mbele. "Abee! Waniitia nini?"

Nilikaa chini nikalia mbele za watu. Filimbi alikuwa amepigiwa Bi Rukia, kwa kuwa alivua jaketi lake akidai linambana kifua, na wenzake walikwenda kushuhudia akifokewa na msichana wa rika la mjukuu wake.

Baadaye waliniingiza majini, Bi Rukia mkono huu, Wakesho mkono huu. Nikalala chali. Sikuzama, Mama. Nilitazama mbingu, masikio ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilimfikiria dada yangu bila kuliona lambo. Nilimwona akicheka tu.

Wakati wa kuondoka mabuibui yalikuwa yamechanganyika, yote meusi, na Bi Rukia akarudi nyumbani na la mtu mfupi, ndara na suruali vinaonekana. Mpaka leo hajui lake liko kwa nani.

Nisalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, umwambie leso ya kijani katika furushi hili ni yake na ile nyekundu ni yako, asikudanganye. Msalimie na mchungaji wetu. Baba Wakesho anakuamkia.

Jumapili baada ya ibada nitapiga, na usiende shambani. Simu nitampa mtoto. Muite kwa jina lake, Mama, hata kama sauti itakayotoka ni ile ya siku ile. Ataitika.

Ni mimi mwanao,
Shali