Mikorosho Yako na Ukurasa Nilioukalia Kimya

Mama yangu,

Shikamoo. Natanguliza salamu kabla hasira haijanitoa adabu. Mgongo unaendeleaje? Mjukuu wako Mwanaidi ameacha kukohoa? Mimi huku Ujerumani mwili mzima, ila roho inachemka.

Kaka amenisimulia kwa simu. Wapimaji wamefika Kiwangwa na vishikwambi vyao, na ile mikorosho uliyoipanda kwa mkono wako wamemwandikia Baba Mkubwa, eti kwa kuwa ardhi ni yake. Mama, kosa hilo limeanzia mezani kwangu.

Ulipokuwa ukiniuliza kazi yangu nilikujibu kompyuta tu. Basi ni hivi: tunaandika maana za vitu, shamba ni nini, mwenye mti ni nani, ili programu zizifuate. Tunaziandika kwenye daftari moja la mtandaoni, wanaliita wiki, na yeyote kati yetu anaweza kufuta cha mwenzake. Niliandika kwamba kwetu ardhi huweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule aliyeupanda. Mwenzangu mmoja, mzee wa mvi ambaye hata hapo Kerege, njia ya kuja kwetu, hajawahi kupita, akafuta. Akaandika mwenye ardhi ndiye mwenye mti.

Nikanyamaza. Ni mtu mzima, nikaona si vizuri kumbishia mbele za watu, atajirudi mwenyewe. Ndivyo ulivyonilea. Kumbe kwao ukikaa kimya siku saba umekubali! Ukurasa ukafungwa, programu ikauzwa, hao wamefika nayo shambani kwako. Juma lililopita nilimfuata. Akacheka, akaniambia, "Lakini hukupinga." Nilitamani kummwagia chai. Ila nimejikasirikia mimi zaidi, mjinga mkubwa.

Sasa nisikilize. Karatasi ikiletwa usitie dole gumba, hata ukibembelezwa vipi. Mwulize Baba Mkubwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nani alibeba maji ya ile miche mwaka wa ukame. Anajua vizuri, yeye ndiye aliyekuruhusu kupanda.

Mimi nimedai ukurasa ufunguliwe, ukafunguliwa kwa siku saba nyingine, nikaandika upya. Mkuu wa kazi ameniita, kanionya nisishindane na wakubwa, nitapoteza kibarua. Na nikipoteze.

Nisalimie kaka, na shangazi wa Msata muuza mananasi. Baba Mkubwa mpe shikamoo yake, mengine nitamwambia mwenyewe.

Mwanao,
Zaina

Asubuhi hii yule mzee amefuta tena. Nimeshayarudisha maneno yangu, mama, na leo ni siku ya sita kati ya zile saba.