Nilichokifuta kwenye ripoti ya chuo

Alhamisi, Segerea

Bado namsikia Neema. Wiki iliyopita nilimkuta akiuza nyanya sokoni Mabibo, nikamuuliza kama vijana wa Dar watajiunga na digrii ya biashara ya chuo cha nje kinachotaka kufungua tawi hapa. Ndiyo kazi niliyopewa: kuuliza watu, kisha kushauri chuo kije au kisije.

Akacheka. "Sista, mie digrii ya biashara ninayo. Mama aliuza shamba nisome. Sie tunatafuta kazi, siyo cheti kingine."

Niliyaandika yote. Leo asubuhi bosi akaniambia chuo kikija, mratibu wake nitakuwa mimi. Nikayafuta maneno ya Neema, nikaandika kwamba vijana wana kiu ya kusoma, nikamkabidhi bosi ripoti.

Jioni nikapita kwa Neema kununua nyanya. Akanijazia sado, akaongeza mbili.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Asante, sista. Wengine wanatuulizaga tu, halafu basi."

Nimeshindwa hata kupika. Nimempigia bosi nikiomba niirekebishe ripoti, kasema imeshatumwa. Basi nawaandikia chuo mwenyewe, na huo uratibu ukinipita, unipite.

Nimeshaandika sentensi ya kwanza: "Kuna jambo niliwaficha."