Nusu Glasi ya Mzee Gaspar

Jumanne, 1 Februari 2011

Sheria imebandikwa mlangoni pa manispaa. Kuanzia leo hapa Pasiwan hakuna kuuza pombe, wala kuibeba, wala kumkaribishia mtu. Ukikamatwa, siku tatu ndani na kufagia soko. Imeandikwa Kihispania, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, watu wakanizuia njiani niwasomee kwa lugha yetu. Nikasoma. Wakanitazama kana kwamba nimeitunga mimi!

Na hilo "kukaribishia" ningelifasirije? Kwa lugha yetu kumkaribisha mgeni na kumpa glasi ni neno moja. Nilivyosoma ni kama meya amepiga marufuku wageni. Bibi mmoja muuza mahindi akaniuliza kama dada yake bado ana ruhusa ya kuja Jumapili.

Kila mtu anajua sheria ni ya nani. Meya amemuoa dada yake Mchungaji Obdulio, na yale maneno ya mwisho — "mwili ni hekalu" — hayakutoka kwa mwanasheria.

Mume wangu Macario amefurahi. Anasema sasa mji utapona. Yeye mwenyewe alipona ulevi katika kanisa la Mchungaji huyohuyo, mwaka wa nane huu hajagusa tone, na mimi si mtu wa kusahau. Ila zamani kitambaa alichofuma wiki nzima kilinywewa Jumamosi. Siku hizi kinaimba kanisani. Spika mbili mpya za kanisa, kubwa kama kabati! Mimi jino linaniuma tangu Krismasi, natafuna upande mmoja.

Jumamosi, 5 Februari

Elmer ametuambia anataka kuoa. Nikafurahi kama dakika moja. Ni Fidelia, mjukuu wa Mzee Gaspar.

Wasichana wote wa mji huu, na mwanangu amekwenda kuchagua nyumba ya mkuu wa chama cha Kikatoliki cha mtakatifu wa mji! Mzee yule ni mtu wa mishumaa, ubani na kusha, gongo yetu ya mahindi. Kwake posa haisikiki bila glasi. Baba wa kijana anakunywa nusu, mwenye binti anamalizia nusu iliyobaki, ndipo neno limekubaliwa. Glasi ikirudishwa na nusu yake, shukuru, chukua kikapu, nenda nyumbani.

Ziara ni tatu, na lazima ziishe kabla ya Jumatano ya Majivu. Ndani ya Kwaresima Mzee Gaspar haozi binti. Ikivunjika, kurudi ni baada ya mwaka.

Macario akasema habebi chupa, wala hainui glasi. Atabeba soda. Elmer akauliza soda ya nini, tunakwenda kwenye ubatizo? Wamenuniana mpaka sasa.

Jumapili, 13 Februari

Ziara ya kwanza. Hawakutufungulia, kama ilivyo desturi. Wangefungua tungedhani binti ana kasoro. Mshenga wetu, Mzee Pascual, akauhutubia mlango nusu saa nzima. Alisema juu ya safari ndefu, na ua lililoonekana kwa mbali, na miguu yetu iliyochoka — tunakaa mtaa wa pili! Mbwa akakojolea kikapu cha mikate. Ndani tukasikia watu wanacheka. Pascual anasema hiyo ni dalili njema.

Jumatano, 16 Februari

Nimekwenda benki kutoa akiba ya jino. Hakuna akiba ya jino. Macario ameitoa kwa ajili ya nyaya za spika. Nyaya! Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Nikamwambia mimi ni mkeo, si mkono.

Lakini haya nayo niyaandike, maana hapa sina wa kumficha: zamani alipochukua pesa alirudi analala mlangoni. Siku hizi anarudi anaimba, anakula, anafua soksi zake. Nagomba naye huku najua nagomba na mume niliyemwomba kwa Mungu. Inachosha zaidi.

Jumapili, 20 Februari

Sijui hata nianzie wapi.

Ziara ya pili. Leo wakafungua. Mzee Gaspar alikuwa ametoka shambani wakati huohuo, jembe bado begani, jasho linamtiririka. Tukapiga magoti, tukabusu mikono. Pascual akaanza maneno ya safari ndefu. Macario akatoa soda yake ya machungwa, akamimina glasi, akanywa nusu, akampa mzee. Mimi nikafumba macho nikingojea aibu.

Mzee akaipokea. Akainywa yote! Akafuta sharubu.

Pascual akaruka kama kijana. Akamkumbatia, akamshukuru kwa niaba ya mababu wote, akamwita ndugu yake. Fidelia alikuwa dirishani, akaanza kulia. Elmer naye. Macario akainua mikono juu akamsifu Bwana, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Mzee Gaspar aliiangalia ile glasi kama mtu aliyeamka usingizini.

"Nimekunywa kiu yangu," akasema. "Neno lenu sijalinywa."

Pascual akamwambia glasi ni glasi, imerudi tupu mbele ya mashahidi. Mzee akasema hata ng'ombe wake hunywa maji kwa jirani, hajaozwa. Wakabishana mpaka mikate ikapoa. Tukaondoka hatujakubaliwa wala hatujakataliwa.

Jumatatu, 21 Februari

Mji mzima una maoni. Shuleni walimu wamegawanyika: wa kanisani wanasema posa imekubaliwa, wa mtakatifu wanasema haijakubaliwa, na mwalimu wa hesabu anasema imekubaliwa nusu. Darasa la tano wanacheza posa wakati wa mapumziko. Wananyweshana maji ya bomba kisha wanabishana.

Jioni Mchungaji akaisema kwenye spika — ndiyo, zile. Eti mbele ya macho yetu Mungu ameibadilisha desturi ya giza kwa kinywaji kisicho na dhambi, na baba wa bwana harusi ni mfano kwetu. Nyumba ya Mzee Gaspar iko hatua mia kutoka kanisani. Alisikia kila neno.

Jumanne, 22 Februari

Jibu limekuja. Mjumbe alikuwa Fidelia mwenyewe, macho yamevimba. Babu anasema tuje Jumapili ya tarehe sita, ndiyo ya mwisho. Tuje na kusha. Macario anywe nusu mbele yake, naye atakunywa nusu. Tukija na soda, tusibishe hodi.

Nikamwuliza binti yeye anasemaje. Akasema, "Mama Mwalimu, mimi hata maji ya mvua yangenitosha." Nimempenda.

Alhamisi, 24 Februari

Elmer anasema ikishindikana hatangoja mwaka. Binamu yake ana mtu wa kuwavusha jangwa na mpaka kwa siri kwenda Kaskazini, yeye na Fidelia, mwezi wa nne. Alisema taratibu, huku anakula maharage, kama mtu anayesema atakwenda sokoni. Mtoto wa jirani alikwenda hivyohivyo mwaka juzi. Mama yake hadi leo ana picha tu na namba ya simu isiyopokelewa.

Nikamwambia Macario. Akasema tuombe. Nikamwambia tumeshaomba, tumejibiwa: nusu glasi.

Jumamosi, 26 Februari

Nimefanya nililofanya. Nimekwenda soko la Santa Rita, ng'ambo ya daraja, ambako sheria ya meya wetu haifiki. Nusu ya Pasiwan iko huko! Mpiga ngoma wa kanisa amenunua "siki" chupa tatu. Alinisalimia kwa heshima, nikamsalimia kwa heshima, wala hatukuonana.

Basi pesa ni zilezile, koo ni zilezile, na faida yote inabaki Santa Rita. Huo ndio wokovu wa mji wetu.

Darajani walinzi wa manispaa wanafungua kila chupa wananusa. Wamefungua hadi dawa ya kikohozi ya bibi mmoja. Yangu nilikuwa nimeifunga tumboni chini ya sketi. Mlinzi mmoja nilimfundisha kusoma. Aliniangalia tumbo, akaniangalia uso — nina miaka hamsini na mbili — akasema, "Pita, Mwalimu, na hongera."

Chupa iko chini ya mahindi.

Jumatano, 2 Machi

Siku nne nimemsema Macario. Asubuhi nasema, jioni nasema. Yeye anafuma. Leo nikamwambia maneno ambayo hayarudi: kwamba alipokuwa mlevi alimpotezea mwanawe utoto, na sasa kwa kujifanya mtakatifu anampotezea maisha yaliyobaki. Akasimamisha kitanda cha kufumia. Akakaa tu, mikono juu ya nyuzi.

Akaenda kumwita Mchungaji, au Mchungaji alisikia mwenyewe, sijui. Saa kumi alikuwa hapa. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia sheria yake imewafanya watu wazima kuwa wezi, na spika zake zimekula jino langu. Nikamwambia Mungu hakuumba Jumapili hata moja bila divai, asome vizuri.

Alinisikiliza yote. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemtoa mtaroni. Wewe ulikuwa umeshafunga mlango."

Ni kweli. Niliufunga. Usiku ule nilimsikia akibisha, nikajifunika blanketi. Nimemchukia Mchungaji kwa kulijua hilo. Akanywa kahawa yangu, akashukuru, akaondoka.

Jumamosi, 5 Machi

Amekubali!!

Wakati wa chakula cha mchana, ghafla, bila kuulizwa. "Nitainywa hiyo nusu." Elmer akaangusha kijiko. Nikamwongezea Macario tamali, nikamwongezea tena. Nimeshinda. Nimepiga pasi shati lake jeupe.

Jumapili, 6 Machi

Saa nane mchana. Tunaondoka saa tisa. Pascual ameshatangulia kibarazani kwa Mzee Gaspar. Nimevaa, nimekaa jikoni, naandika ili mikono ipate kazi.

Asubuhi Macario aliomba nimwonyeshe chupa. Nikaitoa. Hakuishika mara moja. Kisha akaifungua, akainusa, akaifunga polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Akasema hii ni ya yule mjane wa Santa Rita, wa karibu na kisima, siku hizi anatia mdalasini.

Kwa harufu tu. Miaka minane.

Nikasema ni nusu glasi. Akasema ndiyo, nusu. Baada ya muda akauliza: Mzee Gaspar akimimina ya pili, si itakuwa dharau kukataa? Nikamwambia desturi ni moja. Akasema anajua, alikuwa anauliza tu. Dakika kumi baadaye alisema ya tatu ni ya mababu, lakini sikuwa nimemwuliza.

Natamani kumwambia abaki. Nimwambieje? Wiki nzima nimempigia kelele aende. Nikifungua mdomo sasa, Elmer anavuka jangwa mwezi wa nne. Nikinyamaza — sitaki kuliandika.

Jirani amepita, anasema meya ametuma walinzi wazunguke mitaani leo na kesho, kwa kuwa watu wanataka kunywa kabla ya Majivu. Wanapekua vikapu. Mwezi huu wote nimewalaani watu hao na sheria yao. Sasa naomba watukute njiani. Mungu anisamehe, naomba wasituache tupite.

Macario yuko uani anaoga. Anapiga mluzi. Si wimbo wa kanisani. Ni ule wa Jumamosi mchana, wa kujiandaa kutoka. Elmer alikuwa mdogo wakati ule. Akiusikia, alikuwa anachukua blanketi lake na kwenda kwa shangazi yake bila kuambiwa.

Sasa Elmer yuko hapa mbele ya kioo, suti mpya, anachana nywele. Alikuwa anachana. Ameacha. Kitana kimesimama kichwani, naye anausikiliza mluzi wa baba yake.