Nimerudia Ugali

Kongwa, 14 Julai 1994

Mpendwa Baba Mazengo,

Huku hatujambo. Uwele umejaa ghalani, na mama yako ni mzima ila magoti.

Ulipokuja likizo ulinionyesha picha za wanawake wa huko Uswidi unakosoma, ukasema, "Wenzako wanakula majani. Nawe jipunguze." Nikakutii. Nikaacha ugali, nikawa nashindia mlenda mtupu na chai ya rangi, hadi magauni yakanipwaya.

Huko labda wangenisifu. Hapa, miaka hii, mtu akikonda watu wanajua moja tu. Wateja wakaacha kununua maandazi yangu. Jumapili moja kanisani, waliokaa nami benchi moja walihama, nikabaki na mtoto wetu.

Mama yako akanijia akilia. "Paulina, mwanangu ndiye aliyekuletea ugonjwa?"

"Hapana, mama. Kaniletea picha tu."

Alinitazama, kisha akaingia jikoni akasonga ugali wa uwele. Akatandika mkeka nje, mbele ya barabara, tukala sahani moja huku wapita njia wakitukodolea macho. Nilikula mpaka nikalegeza khanga.

Sasa nimenenepa kuliko uliponioa, na maandazi yanaisha kabla ya saa nne. Sitajipunguza tena, wala sikuombi radhi. Ukirudi, njoo na njaa. Ila kama moyo wako uko kwa hao wembamba, sema mapema. Mama yako ameshaniambia kwamba yeye anabaki na mimi.

Mkeo aliyeshiba,
Paulina